Spoki Sita za Egesa

Jumamosi, 8 Machi

Naandika upande wa nyuma wa daftari la mapishi la Egesa, kwa sababu daftari jingine sina na mvua imenifungia ndani tangu asubuhi. Upande wa mbele ni mwandiko wake, herufi zimelala ubavu kama walevi, maana huandika kwa mkono wa kushoto. Akirudi atakuta nimemmalizia kurasa na tutagombana. Nautamani sana ugomvi huo.

Niandike mambo yalivyo, nisije nikajidanganya. Egesa ni mume wangu. Mwezi wa tisa mwaka jana alikwenda Sudan Kusini kupikia kambi ya wajenzi wa barabara. Alinipigia simu ya mwisho tarehe saba Desemba. Tarehe tisa lori la kambi yao lilichomwa moto njiani na watu wenye bunduki, na waliokuwamo hawakutambulika, wakazikwa hukohuko. Jina la Egesa halikuwa kwenye orodha ya waliopanda lori. Halikuwa pia kwenye orodha ya waliobaki kambini. Baadaye kambi ikahamishwa, na namba ya kambi tuliyopewa haishiki mpaka leo.

Watu wa hapa Masinya, kijiji cha Egesa, wameshamzika kwa midomo. Mimi nasema yu hai.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Nimepika sinia moja la mashimelo. Yamelia.

Jumanne, 11 Machi

Nikisoma nilichoandika jana naona mtu anaweza kudhani nimerukwa na akili. Mashimelo ni ile peremende nyeupe, laini, ambayo wageni huichoma motoni mpaka ngozi yake iwe kahawia na ndani iyeyuke, kisha huibana kati ya biskuti mbili na kipande cha chokoleti. Egesa alijifunza kuyapika katika kambi za watalii kule Kenya, ambako mimi nilikuwa nikihudumia meza, na ndiyo aliyonitongozea. Wenzangu walipewa kanga.

Tulipohamia hapa kwao tukafungua kambi yetu wenyewe: uwanja, choo safi, mahali pa kusimamisha hema, na moto wa jioni wenye mashimelo. Kupika kwake si kazi ya mkono mlegevu. Unachemsha sukari mpaka tone lake katika maji baridi lijiviringe kama ugali mdogo, unaimwagia jelatini, ule unga wa kugandishia, iliyolowekwa, halafu unapiga na kupiga mpaka mkono uombe msamaha. Unamimina kwenye sinia lililopakwa wanga wa muhogo, unaacha yakauke usiku kucha. Kiangazi yanakauka. Masika yananyonya unyevu wa hewa na asubuhi unayakuta yametoa machozi ya sukari, yamelala kwenye dimbwi lao.

Kila alipopiga simu kutoka huko, kabla ya salamu, Egesa aliuliza neno moja: "Yamekauka?" Nami nilimjibu hayajakauka, nikimchokoza, kwa kuwa yupo mbali na anajifanya mganga wa sukari. Ndiyo ilikuwa salamu yetu.

Vijiti vya kuchomea alitengeneza mwenyewe kwa spoki za gurudumu la baiskeli, akazitia mipini ya mpera. Zilikuwa kumi na mbili. Alichukua sita, akaniachia sita.

Alhamisi, 13 Machi

Kevo wa Kisumu, yule anayeongoza waendesha baiskeli, ametuma ujumbe kwamba watafika Jumamosi, watu tisa. Ni wageni wa kwanza tangu Krismasi. Nimefurahi mpaka nimeona aibu.

Jumapili, 16 Machi

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia kwenye kuni.

Egesa alikuwa akiwasha moto wa wageni nyuma ya nyumba, ndani ya nusu ya pipa, kwa vijiti vidogo. Miaka sita sikuwahi kumwuliza kwa nini. Nilidhani ni kwa ajili ya moshi. Jana nyuma ya nyumba kulikuwa na maji hadi kwenye fundo la mguu, na vijiti vyote vimelowa. Nikakokota magogo matatu makavu ya mkwaju kutoka ghalani, nikayapanga mbele ya nyumba, katikati ya uwanja, vichwa vikitazamana. Gogo kubwa ndilo linatoa makaa, na mashimelo yanataka makaa. Egesa husema ndimi za moto ni za kutazama, makaa ni ya kupikia. Nikajiona fundi.

Kevo na wenzake wakaketi chini kuzunguka moto, wamechoka, wamejifunga mablanketi. Jua lilikuwa linazama. Niliwagawia spoki, nikawaonyesha namna ya kuzungusha polepole. Mmoja akaunguza la kwake likawa mkaa, wakacheka.

Ndipo nikasikia kilio njiani. Ajambo, bibi jirani yetu, alikuja mbio kando ya ua, mikono kichwani, kanga imemdondoka, akilia jina la Egesa. Akajitupa mbele ya mlango wangu. Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine. Wanaume wawili wakaja kila mmoja na gogo lake begani, wakalisogeza motoni bila kuuliza, wakakaa kimya karibu na wageni wangu.

Kevo akaninong'oneza, "Mathe, hawa wasee wamekuja show ama ni nini?"

Nilikuwa nimeshaelewa. Magogo makubwa, mbele ya nyumba, vichwa vikitazamana, watu wameketi chini wamejifunga mablanketi. Hivyo ndivyo Wasamia, kabila la Egesa, wanavyowasha moto wa matanga mwanamume mwenye mji akifa. Nimeuona kwenye misiba kumi hapa. Niliuona kila mara kama moto wa watu wengine.

Mama mkwe wangu, Nasirumbi, alifika wa mwisho. Hakulia. Alitembea taratibu mpaka kwenye moto, akautazama, akanitazama. Akasema, "Mwanangu, wamepata yeye wapi?"

Alidhani mwili umepatikana. Alidhani mtu amenipigia simu nami nimewasha moto kabla ya kumwambia. Ilibidi nimwambie, mbele ya watu wote, kwamba hakuna aliyepatikana, kwamba nilikuwa nachomea wageni peremende. Mkononi nilikuwa bado nimeshika biskuti.

Alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Afadhali angenipiga.

Jumatatu, 17 Machi

Ukoo ulikaa jana mchana. Msemaji alikuwa Vincent, mdogo wake Egesa, fundi wa kujenga ambaye sijawahi kumwona akicheka na mtu.

"Mulamu," akaniambia, maana hapa shemeji ni mulamu, "hii moto umewasha mwenyewe. Hakuna mutu alituma wewe. Moto ya namna hii hapana zimwa na maji, halafu watu wanarudi nyumbani kulala. Inataka kaburi."

Nikasema kwetu Amukura, kwa Wateso, moto ni moto tu, hauulizi aliyeuwasha.

"Hapa si Amukura."

Wameamua hivi: wanasubiri mpaka wimbi, ule ulezi wa uji, livunwe. Egesa asiporudi, watazika shina la mgomba badala yake, kama inavyofanywa kwa aliyepotea. Nitanyolewa, nitaitwa mjane, na habari itakuwa imekwisha. Nasirumbi aliitikia kwa kichwa. Ajambo alisema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja," akaona amesema jambo la busara. Nilitamani kumziba mdomo kwa mashimelo.

Jumatano, 19 Machi

Wimbi limefika kwenye kifundo cha mguu. Mvua nzuri, kila mtu anafurahi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimewaza jambo. Kama Egesa yu hai anapika, na kama anapika atapika mashimelo, kwa sababu hawezi kujizuia. Malori yanayokwenda Juba yanapanga foleni mpakani Busia. Madereva hula popote wanapolala. Kuuliza si ujinga.

Jumatano, 26 Machi

Nimekwenda mpakani na kopo limejaa mashimelo. Nilipita lori baada ya lori. Kwa kila dereva naeleza kidogo, natoa moja, nasema, "Onja. Umewahi kula kitu kama hiki huko juu?" Wengi walidhani nauza. Mmoja alidhani namtongoza. Mmoja alikula manne, akasema hajawahi, akaomba la tano.

Hayakuwa yamekauka vizuri. Nilirudi nyumbani vidole vinanata.

Ijumaa, 28 Machi

Mpakani. Hakuna.

Jumatatu, 31 Machi

Mpakani. Hakuna. Mvua imeninyeshea kutoka Masinya mpaka mjini na kurudi.

Ijumaa, 4 Aprili

Hakuna. Madereva sasa wananijua. Wananiita Mama Pamba.

Jumamosi, 12 Aprili

Yu hai. Niandike vizuri.

Dereva anaitwa Emojong, Mteso mwenzangu, wa upande wa Mukuju. Alipotia lile shimelo mdomoni aliacha kutafuna. Akalitoa, akalitazama, akasema kwa Kiteso, halafu kwa Kiswahili ili mwenzake asikie, "Hii nimekula. Kambi ya barabara, ndani kabisa huko. Walikuwa wanachoma kwa chuma ya baiskeli."

Nikamwuliza lini. Nilimshika shati, Mungu anisamehe.

"Mwezi wa kwanza. Baada ya mwaka mpya."

Baada ya mwaka mpya. Lori liliungua tarehe tisa Desemba. Nani mwingine katika dunia hii anachoma mashimelo kwa spoki? Nikamwuliza sura ya mpishi. Hakumwona, aliletewa sahani garini, shimelo likiwa bado kwenye chuma chake. Nikataka nipande lori naye leo hii. Alikataa. "Dada, ile njia si ya mama. Nitarudi huko baada ya wiki mbili tatu. Nitauliza mimi mwenyewe, nilete jibu mkononi mwako."

Nilikimbia moja kwa moja kwa Nasirumbi. Vincent alikuwa pale anakarabati banda. Niliwaambia wote kwa pumzi moja. Nasirumbi alifunga macho. Vincent aliuliza jina la dereva na rangi ya lori, akaendelea kupiga misumari. Moyo wa jiwe.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nimechoma ndizi ndani ya maganda yake, nikazitia mashimelo na simsim iliyosagwa, nikampelekea mama mkwe. Aliweka sahani pembeni. Tangu niolewe hajawahi kuonja. Husema ni chakula cha kunata, cha watu wasio na meno.

Leo alinieleza kwa nini anataka mgomba uzikwe. "Mimi naona yeye. Kila usiku kwa ndoto anakuja, anasimama kwa mlango, nguo maji maji. Anasema, mama, mimi nalala wapi? Mimi mama yake. Nasema nini kwa yeye?"

Nilimwambia mtu aliyelowa ni mtu aliye safarini wakati wa mvua, basi. Nilisema kwa ukali. Nilipofika nyumbani nikalia, kwa sababu mimi hanijii ndotoni hata mara moja.

Jumamosi, 26 Aprili

Vincent amekuja kwangu, kitu ambacho hakijatokea tangu mkutano. Akaomba kuona spoki. Nikazileta. Alizishika moja moja kama anakagua nondo.

"Zingine sita alibeba?"

"Alibeba."

"Namna gani mutu anaweza jua hii ni ya Egesa, si ya mutu mwingine?"

Nikamwonyesha. Ncha zimepindwa mara mbili, na kwa kuwa Egesa hutumia mkono wa kushoto, mpindo wa pili unaangalia upande usio wa kawaida. Fundi mwingine yeyote angeupindia kulia. Alirudia kuutazama. Kisha akazungusha macho kwenye nyumba, paa, ukuta ulioingia maji.

Nikaona kwamba anapima nyumba ya kurithi. Nikamwambia, "Kufa kufaana, siyo? Pima vizuri, usisahau na choo."

Aliweka spoki mezani zikiwa zimepangwa sawa, akaondoka mvuani.

Jumamosi, 3 Mei

Wiki tatu zimetimia. Emojong hajaonekana. Vincent naye amekwenda Kampala kutafuta kazi ya ujenzi, ndivyo alivyomwambia mama yake. Amemwacha na banda nusu.

Jumanne, 6 Mei

Mpakani. Hakuna aliyemwona Emojong.

Jumamosi, 10 Mei

Nimewasha moto. Mbele ya nyumba, magogo matatu. Sina mgeni hata mmoja. Nilifikiri hivi: kama moto huu umemwita kaburini, basi na uniitie arudi nyumbani. Nitauwasha kila Jumamosi mpaka aje.

Hakuna aliyekuja na gogo. Ajambo alipita njiani akageuza uso. Nilikaa peke yangu, nikachoma moja, nikalila, nikachoma jingine. La tatu nililitazama likiungua mpaka likadondoka.

Jumatano, 14 Mei

Mvua. Yamelia.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua. Yamelia. Nimeyamwaga kwa kuku, hata kuku hawayataki.

Jumamosi, 17 Mei

Moto. Mvua ikauzima. Nikauwasha tena, ikauzima tena. Nilisimama pale natukana mbingu kwa lugha nne.

Jumatano, 21 Mei

Kevo ameuliza kama anaweza kuleta kikundi kingine. "Mathe, ile moto iko?"

Jumamosi, 24 Mei

Wimbi limeanza kubadilika rangi upande wa barabara. Sasa mvua inapungua na kila mtu anasema asante Mungu. Mimi naomba inyeshe. Naomba wimbi lioze mashambani, watu wale nini sijali. Nimeandika hivyo na sifuti.

Moto wa leo uliwaka vizuri. Nasirumbi alikuja akasimama mbali, kwenye migomba, kisha akaenda zake.

Jumatatu, 2 Juni

Nimefanya ujinga. Niliposikia wanaanza kuvuna kesho, nilikwenda kwenye jiko la mama mkwe alipokuwa kisimani, nikachukua visu vyote vya kuvunia, vile vidogo vya kukata vichwa vya wimbi. Nikavifunga kwenye gunia, nikavificha chini ya kitanda changu. Mtu mzima mimi. Nilifikiri bila visu hakuna mavuno, bila mavuno hakuna mgomba.

Jumanne, 3 Juni

Alfajiri nilimwona mama mkwe shambani peke yake. Alikuwa anavunja vichwa vya wimbi kwa mkono, kimoja kimoja, anatia kwenye kikapu. Ana miaka sabini na vidole vimepinda. Hakumwita mtu, hakuuliza visu viko wapi.

Nikatazama mpaka nikashindwa. Nikaenda na gunia, nikalimwaga miguuni pake. Nikasema, "Mama, nisamehe."

Akachagua kisu, akanipa, akachagua chake. Tulivuna mpaka mchana. Mwishowe akasema, "Wewe nadhani mimi nataka yeye kufa. Mimi nataka yeye kulala tu."

Miezi sita nimeishi kana kwamba mimi peke yangu ndiye ninayempenda Egesa.

Alhamisi, 5 Juni

Nitaandika yote, hata nikichukua kurasa zote zilizobaki.

Asubuhi lori lilisimama barabarani. Nilijua lile lori. Niliacha sufuria ya sukari jikoni, nikakimbia bila viatu. Emojong alishuka upande wake. Upande wa pili alishuka mtu amekonda, macho ya njano, koti limemning'inia. Nilitazama nyuma yake, nikisubiri mtu wa tatu ashuke. Emojong akafunga mlango.

Aliyekonda ni Vincent.

"Mulamu," akasema, "mimi si kwenda Kampala."

Alimtafuta Emojong kwa rangi ya lori na jina, akampata, akamwomba ampeleke. Malaria ilimshika huko wakalala siku nyingi njiani, ndiyo sababu Emojong hakurudi. Nikamketisha barazani. Nasirumbi alikuwa ameshafika, sijui nani alimwambia. Vincent aliomba maji, akanywa yote, ndipo akasema.

Kambi waliipata. Mashimelo wanayapika kweli, na wanayachoma kwa spoki kweli. Mpishi anaitwa Lenox, kijana wa Tororo ambaye Egesa alimfundisha kazi. Ndiye aliyempikia Emojong mwezi wa kwanza.

"Egesa alitaka kuja nyumbani kwa Krismasi," Vincent akasema. "Alipewa ruhusa kabla ya wengine. Lori ilikuwa inatoka asubuhi, yeye akaomba dereva lifti. Hapana andikwa kwa karatasi ya safari. Kule kambini wakakata jina yake, wakasema huyu ameenda nyumbani. Ndiyo kwa karatasi zote mbili hakuna."

Lenox alikuwa miongoni mwa waliotumwa kuwazika. Katika majivu, mahali palipokuwa na kiti cha nyuma ya dereva, alikuta spoki sita zimelala pamoja. Mipini ilikuwa imeungua yote. Namba ya simu ya kwetu hakuwa nayo, hata jina la kijiji hakulijua. Alizichukua, akazitia mipini mipya, akaendelea kupika alichofundishwa, maana hakujua afanye nini kingine na huzuni yake.

Vincent akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa moja. "Nimeomba moja. Tano nimeacha, zinafanya kazi. Huyu kijana alilia, hapana weza kunyang'anya yeye yote." Akainyoosha kwangu kwa mikono miwili. "Mimi nimetazama. Lakini wewe ndiye unajua. Wewe ukisema si yake, mimi nitaenda tena."

Angekwenda tena. Mtu huyu ambaye hawezi kusimama vizuri angepanda lori kesho asubuhi kama ningesema si yake. Nami nikajua kwa nini alikuja kuniuliza kuhusu mpindo, na kwamba paa langu alilitazama kama fundi anayeona linavuja, si kama mrithi. Usilolijua ni usiku wa giza. Nilikuwa nimemwambia asisahau na choo.

Nikaingia ndani, nikaleta moja ya zangu. Nikaziweka bega kwa bega. Mpindo wa kwanza, sawa. Mpindo wa pili ulikuwa unaangalia kushoto.

Nilitaka kusema si yake. Neno lilikuwa mdomoni. Ningesema hivyo ningepata mwezi mwingine, labda miwili, wa kuwa mke wa mtu.

Nikasema, "Ni yake."

Nasirumbi akaweka kiganja chake kichwani pangu, akakiacha hapo. Jikoni sukari iliungua mpaka sufuria ikatoboka.

Ijumaa, 6 Juni

Wazee wa ukoo wamekuja na shina la mgomba, limekatwa kwa kipimo cha mtu. Niliwaambia siziki mgomba. Nina kitu chake. Wakabishana kwa muda wa karibu saa mbili, kwamba chuma si mwili, kwamba haijawahi kufanywa. Nilikuwa tayari kupigana.

Nasirumbi alisimama. "Hii chuma imekaa na yeye mpaka mwisho," akasema. "Mgomba ilikuwa wapi?"

Wakaubeba mgomba wao, wakaondoka nao.

Jumapili, 8 Juni

Tumemzika jana. Niliifunga spoki ndani ya aproni yake ya kazi, Vincent akashuka nayo kaburini kwa sababu alisema atashuka yeye.

Jioni nilipanga moto mwenyewe. Mbele ya nyumba, magogo matatu ya mkwaju, vichwa vikitazamana. Safari hii nilijua ninachofanya. Ajambo alikuja na gogo la nne, akaniambia pole, akalia tena vilevile kama mara ya kwanza, nami nikalia naye. Wanaume walikuja kila mmoja na lake. Nilinyolewa kabla ya jua kuzama. Kichwa kinaona baridi.

Moto ulipotulia ukawa makaa, Nasirumbi alinivuta mkono. "Ile kitu yake. Umepika?"

Nilikuwa nimepika. Sikujua kwa nini nilipika, mikono ilitaka kazi. Yalikuwa yananata, hayakuwa mazuri. Nilichukua spoki moja, nikamchomea polepole, upande mmoja kisha wa pili, mpaka likapata rangi anayoipenda Egesa. Nikambania kwenye biskuti, nikampulizia lipoe kama kwa mtoto. Akala lote. Sukari ilimshika midomoni.

"Ndiyo hii alikuwa anaenda pikia watu mbali hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Ni tamu," akasema. Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu Desemba, kwa sauti ambayo sikujua anayo. Watu wote wakampisha. Nami nikamshika mpaka alipochoka.

Jumatatu, 9 Juni

Nimelala.

Alhamisi, 12 Juni

Vincent anaendelea na banda la mama yake. Nimempelekea uji. Nilimwomba radhi kwa yale ya choo. Akafikiri sana, akasema, "Ile choo yako kweli inataka kutengeneza." Nadhani ni mzaha. Sina hakika.

Mama anasema tangu Jumamosi hajamwona Egesa mlangoni.

Jumamosi, 14 Juni

Jua tangu asubuhi, na upepo mkavu kutoka upande wa Tororo. Jana nilipika sinia moja bila sababu. Leo nimelifunua. Nimekata kwa kisu, hakikunata. Nimelishika moja, nikalibonyeza, likarudi umbo lake. Vidole vimetoka na wanga mtupu.

Nilisimama na simu mkononi kwa muda mrefu. Namba yake bado imo. Kisha nikaja kuandika hapa, kwa sababu ukurasa uliobaki ni huu tu, na ukiugeuza unaanza mwandiko wake.

Yamekauka, Egesa.